Niletee Ile ya Kifuniko Chekundu: Mwongozo wa Mwonekano wa Biashara Ndogo

Mama anapomtuma mtoto dukani, mara nyingi hamtajii jina la kampuni. Anamwambia, "Kaniletee ile siagi ya karanga ya kifuniko chekundu, yenye picha ya kinu." Mtoto akiiona mara moja, biashara imeuza. Akikuta wiki hii kifuniko ni cheupe kwa sababu vyekundu viliisha kwa muuza vifungashio, atababaika mbele ya rafu, kisha atarudi nyumbani na siagi ya mtu mwingine. Na mama ataipokea, maana watoto wanasubiri kifungua kinywa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, kwa sharti moja: aliyekipenda chema hicho aweze kukitambua tena. Siagi yako inaweza kuwa tamu kuliko zote sokoni, lakini mteja aliyeridhika asipoijua sura yake, utamu huo unamnufaisha jirani yako wa rafuni. Kazi kubwa ya mwonekano wa biashara ndogo ni kumrudisha mteja wa mara ya pili, na kumwezesha kumwelekeza mwenzake kwa maneno machache.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesindika karanga, unayetengeneza sabuni, unayeshona nguo, unayepika na kupeleka chakula maofisini. Huhitaji fedha nyingi. Unahitaji kuamua mambo machache kwa makini, kisha kuyarudia bila kuchoka.

Jifunze kwa kanga

Kanga hazina idadi kwa rangi na michoro, lakini hakuna anayeikosea kanga. Sababu ni mpangilio wake: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limeandikwa sehemu ya chini ya mji. Ndani ya mpangilio huo mchoraji ana uhuru wote. Leo ataweka korosho, kesho waridi, keshokutwa ndege, na bado itakuwa kanga.

Wauzaji nao walilielewa jambo hili mapema. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, imejulikana kizazi hadi kizazi kwa alama inayochapwa kwenye kanga zake: herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Michoro hubadilika na misemo hubadilika, alama haibadiliki. Mnunuzi anayetaka ubora anaoujua huitafuta alama hiyo kabla ya kulipa.

Fanya hivyo kwa biashara yako. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika yasiyobadilika: nembo, rangi, aina ya herufi, mpangilio wa lebo. Upande wa pili andika yanayoweza kubadilika: ladha mpya, ofa ya mwisho wa mwezi, salamu za Idi na Krismasi. Biashara nyingi ndogo hupotea machoni pa wateja kwa sababu upande wa kwanza ni mtupu. Kila kitu hubadilika kulingana na fundi aliyepatikana siku hiyo.

Hatua ya kwanza: kusanya ulichonacho

Kabla ya kumtafuta mbunifu wa grafiki, tandika mezani kila kitu kinachobeba jina lako: lebo, kadi ya biashara, kitabu cha risiti, muhuri, fulana, mfuko. Piga picha bango la dukani. Fungua simu utazame picha yako ya WhatsApp na ya Instagram. Viweke vyote pamoja na umwite mtu asiyeijua biashara yako. Muulize kama vitu hivi ni vya mtu mmoja. Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia.

Kisha jibu maswali matatu kwa maandishi. Nani hasa ananunua: mama wa nyumbani, mwanafunzi wa chuo, mgeni wa hoteli? Anakutana nawe wapi mara ya kwanza: kwenye rafu, barabarani, au kwenye kioo cha simu? Na akitaka kumtuma mtoto, unataka aseme nini? Swali la tatu ndilo zito. Sentensi yake iwe fupi, itaje rangi moja na picha moja. Kila uamuzi unaofuata uisaidie sentensi hiyo.

Hatua ya pili: nembo inayovumilia shida

Nembo ya biashara ndogo itapita mikononi mwa watu wengi. Itachapwa kwenye lebo, itachongwa kwenye muhuri wa mpira, itadariziwa kwenye kofia, itapakwa rangi ukutani na fundi mwenye brashi, na itaonekana kama duara dogo kwenye simu. Nembo iliyojaa vivuli, rangi zinazoyeyukiana na mistari ya nywele itakufa katika nusu ya maeneo hayo. Chagua umbo moja tu linalosomeka: kinu, jani, jahazi, au herufi ya kwanza ya jina lako iliyochorwa vizuri.

Ipime nembo kabla ya kuilipia. Ichape ikiwa na upana wa sentimita moja na nusu. Kama huioni, ipunguze mambo. Itoe kopi nyeusi na nyeupe kwenye duka la stationery. Kama inategemea rangi ili ieleweke, irudishe kwa mbunifu. Ibandike ukutani uiangalie kutoka ng'ambo ya barabara. Mwisho, chora duara juu yake, kwa sababu WhatsApp na Instagram hukata pembe za picha ya wasifu. Jina refu lililonyooka kwenye mstari mmoja halitaingia humo, hivyo omba matoleo mawili: la alama na jina pamoja, na la alama peke yake.

Jihadhari na vitu vitatu. Usitumie Nembo ya Taifa wala bendera kupamba bidhaa. Tanzania na Kenya zina sheria zinazozuia matumizi hayo ya kibiashara bila kibali. Usibandike alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS au KEBS, kabla hujapewa leseni ya kuitumia. Na usichukue mchoro ulio tayari kwenye Canva ukaufanya nembo yako ya kudumu: masharti ya Canva hayakuruhusu kusajili alama ya biashara kwa michoro ya akiba inayotumiwa na kila mtu. Canva ni chombo kizuri cha matangazo ya kila siku. Nembo ichorwe upya kwa ajili yako.

Hatua ya tatu: rangi mbili, si saba

Rangi ndiyo ambayo jicho huikumbuka kwanza. Dar es Salaam, daladala zimepigwa mikanda ya rangi inayotofautisha njia, na abiria hulitambua gari la kwao kabla hajasoma kibao. Kampuni za simu nazo zimejigawia mitaa: Kenya, kibanda cha kijani kinakuambia M-Pesa; Tanzania, M-Pesa ni nyekundu. Hapo pana onyo kwako. Ukipaka duka lako lote jekundu kwa maandishi meupe, nusu ya wapita njia watakuja kukuuliza kama unatoa pesa. Tembea mtaa wako, simama mbele ya rafu utakayouzia, andika rangi zilizokwisha kumilikiwa na wengine, kisha chagua kilichobaki wazi.

Chukua rangi moja kuu na moja ya kuisindikiza, pamoja na nyeupe na nyeusi. Inatosha. Rangi kuu itawale kila kitu kinachoonekana kwa mbali: kifuniko, bango, mfuko, fulana. Rangi ya pili ionyeshe tofauti ndogo, mathalani siagi laini na siagi yenye vipande vya karanga. Ukipanua bidhaa, badilisha rangi ya pili tu. Kuu ibaki.

Sasa ipe rangi yako namba. "Kahawia ya karanga" kwa mchapaji mmoja ni chokoleti, kwa mwingine ni matofali. Kwenye simu na kompyuta rangi huandikwa kwa alama sita. Kwa mfano, kahawia moja iliyokolea ni #8B4513, ambayo ni nyekundu 139, kijani 69 na bluu 19. Mashine ya uchapaji haitumii mfumo huo. Yenyewe huchanganya wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo maana kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimepoa kwenye karatasi. Muombe mbunifu akupe namba za mifumo yote miwili, na kabla ya kuchapa lebo elfu moja, lipia moja ya majaribio uishike juani. Ukiridhika nayo, itunze. Kila mara ukienda kuchapa, iwe River Road Nairobi, Nasser Road Kampala au Kariakoo, peleka sampuli hiyo mkononi umwambie mchapaji ailinganishe.

Angalia pia usomekaji. Njano juu ya nyeupe haisomeki, na nyekundu juu ya kijani huwachanganya watu wenye upofu wa rangi. Maandishi yawe meusi au ya rangi iliyokolea juu ya mandhari angavu, au kinyume chake.

Hatua ya nne: herufi zinazojua Kiswahili

Chagua fonti mbili: moja ya jina na vichwa, nyingine ya maelezo. Google Fonts ina mamia ya fonti za bure zinazoruhusiwa kutumika kibiashara, hivyo hakuna haja ya kuiba. Lakini zijaribu kwa maneno yako mwenyewe. Andika "Ng'ombe", "Mng'aro", "Tunauza kwa jumla na rejareja". Fonti nyingi za mapambo huiweka ile ritifaa ya ng' vibaya, ikaacha pengo katikati ya neno au ikaonekana kama mkwaju. Maneno yetu pia ni marefu, na fonti pana italazimisha "Imetengenezwa" kukatika mistari miwili kwenye lebo ndogo. Fonti nyembamba kiasi, yenye herufi zilizo wazi, itakusaidia zaidi.

Herufi za mwandiko wa harusi ziache kwa kadi za harusi. Mtu anayepita kwa bodaboda hana nafasi ya kuzifumbua. Wachora mabango wengi hukadiria hivi: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita mbili na nusu ili isomeke kwa raha. Duka lililo mita 30 kutoka barabarani linahitaji jina lenye herufi za sentimita 25. Pima umbali wako kwa hatua kabla ya kumwita fundi.

Hatua ya tano: picha zenye sauti moja

Biashara nyingi huchagua nembo na rangi vizuri, kisha huziharibu kwa picha. Leo picha imepigwa usiku chini ya taa ya njano, kesho imechukuliwa mtandaoni ikiwa na chakula cha Ulaya, keshokutwa imejaa maua na nyota. Weka kanuni ndogo. Piga kwa mwanga wa dirisha, asubuhi au jioni. Tumia mandhari moja kila mara: mkeka, meza ya mbao, au kitambaa cha rangi yako. Simama umbali uleule. Usitumie picha ya bidhaa ambayo si yako. Mteja atakayefungua kifurushi akakuta kitu kingine hatakuamini tena, na hata lebo yako nzuri haitaokoa jambo.

Hatua ya sita: pita mahali mteja anapokuona

Lebo ndiyo sauti yako dukani wakati wewe haupo. Gawa uso wake sehemu tatu na usizibadilishe: nembo juu, jina la bidhaa katikati kwa herufi kubwa kuliko zote, uzito chini. Nyuma weka yale ambayo mamlaka na mnunuzi wote huyatafuta: viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, jina na anwani ya mtengenezaji. Acha nafasi ya msimbo wa mistari (barcode) tangu mwanzo, hata kama bado hujaupata. Upana wake wa kawaida ni karibu milimita 37, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 ya ukubwa huo, si zaidi. Mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe. Usiipake nyekundu ili ifanane na rangi yako: mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu haziioni. Misimbo inayotolewa Tanzania huanza na 620, ya Kenya huanza na 616.

Mfuko nao ni tangazo linalotembea. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Mifuko mbadala iliyokuja baadaye hudumu. Mteja huirudisha sokoni mara nyingi. Chapa nembo yako kwa rangi moja, kubwa, pande zote mbili. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ya ziada ina gharama yake, na nembo uliyoipima kwa nyeusi na nyeupe itakuokolea fedha hapa.

Kwenye simu, picha ya wasifu iwe alama ileile kila mahali, na jina liandikwe vilevile kwenye WhatsApp, Instagram, TikTok na Facebook. Tengeneza violezo vitatu tu vya matangazo: cha bidhaa mpya, cha bei, na cha taarifa, kama vile siku za kufunga. Ukiwa navyo, msaidizi wako ataweza kuandaa tangazo bila kubuni upya.

Usimsahau mtu. Fulana ya msafirishaji, aproni ya muuzaji na maneno ya salamu kwenye simu ni sehemu ya sura ya biashara.

Hatua ya saba: karatasi moja na folda moja

Yote uliyoamua yaandike kwenye ukurasa mmoja wa A4: nembo na matoleo yake, nafasi ya kuacha kuizunguka, namba za rangi, majina ya fonti, mfano wa lebo, mfano wa picha, na mistari miwili ya makatazo, kama vile kutoivuta nembo ikarefuka na kutoibadilisha rangi. Huo ndio mwongozo wa chapa yako. Mpe kila mchapaji, kila fundi, kila mfanyakazi mpya.

Kwa mbunifu, dai faili kamili kabla ya malipo ya mwisho. Picha ya JPG iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi. Imebanwa, na ukiikuza kwa ajili ya bango itavunjika vipandevipande. Omba faili ya vekta, yaani SVG, AI au PDF isiyogeuzwa picha, ambayo hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kuharibika. Omba pia PNG isiyo na mandhari. Kwa kazi za uchapaji wa picha, omba ubora wa nukta 300 kwa inchi na ukingo wa ziada wa milimita tatu kila upande, ili kisu cha kukatia kisiache ufito mweupe. Hifadhi kila kitu mahali pawili, kwenye barua pepe yako na kwenye diski. Biashara nyingi zimelazimika kuchora nembo upya kwa sababu simu ya mbunifu iliibwa. Na mwandikiane, hata kwa ukurasa mmoja, kwamba haki zote za mchoro zimehamia kwako.

Hatua ya nane: sajili kabla hujajulikana

Kusajili jina la biashara hakukupi haki ya alama ya biashara. Ni usajili wa aina mbili, na wafanyabiashara wengi huugundua ukweli huu siku mtu mwingine anapotumia nembo yao. Kusajili alama, Tanzania Bara utakwenda BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Usajili wa Bara haukulindi Zanzibar; ukiuza pande zote mbili, sajili kotekote. Alama hupangwa katika madaraja 45 ya bidhaa na huduma: sabuni zimo daraja la 3, nguo la 25, siagi ya karanga la 29, kahawa na chai la 30. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Fanya utafutaji wa jina na alama kabla ya kuchapa chochote. Tanzania, ofisi za SIDO zilizopo mikoani husaidia wajasiriamali wadogo katika mafunzo na masuala ya vifungashio, na ni mahali pazuri pa kuuliza.

Anza na fedha uliyonayo

Si lazima ubadilishe kila kitu kwa mwezi mmoja. Fuata macho ya mteja. Kama unauzia rafuni, anza na lebo na kifuniko. Kama unauzia mtandaoni, anza na picha ya wasifu na violezo. Kama wateja wako ni wapita njia, anza na bango, lakini ulizia kwanza halmashauri au kaunti yako, maana nyingi hutoza ushuru wa mabango kulingana na ukubwa. Vitu vya zamani vitumie viishe, isipokuwa vinavyokuvunjia heshima. Kila kipya kinachoingia kifuate karatasi ya kanuni.

Kisha vumilia. Utaichoka rangi yako kabla wateja hawajaanza kuikumbuka, kwa sababu wewe unaiona kila siku na wao wanaiona mara moja kwa wiki. Mfanyakazi atapendekeza fonti mpya, mchapaji atakuambia zambarau ina ofa, rafiki atakuonyesha nembo ya kisasa zaidi. Wakati wa kubadilisha ni pale biashara yenyewe inapobadilika: umeongeza bidhaa ambazo nembo haizibebi, umehamia soko jingine, au wateja wanakuchanganya na mwenzako. Nje ya hapo, rudia. Kila kopo lenye sura ileile huongeza kidogo kwenye kumbukumbu ya mteja, na kumbukumbu hiyo ni mtaji ambao hakuna mshindani anayeweza kuununua kwa pesa za haraka.